Kopa Kabla ya Mvua

Nenda kwenye kanisa lolote la Wakenya upande ule wa Maryland, simama mlangoni ibada ikiisha, uwaulize watu wanafanya kazi gani. Utajibiwa jambo moja: "Niko kwa medical." Anayeosha wazee yuko kwa medical. Anayesukuma vitanda vya magurudumu yuko kwa medical. Hata anayekoroga uji katika jiko la nyumba ya wazee yuko kwa medical, na usithubutu kucheka, maana ana kikombe cha chai ya moto mkononi. Serah Mumbi naye alikuwa kwa medical tangu mwaka 2001, na alilishikilia neno hilo kuliko wengine wote. Lilimsaidia kuziba alichokuwa kabla yake.

Alikuwa mtoto wa kahawa. Kwao Murang'a mama yake, aliyefiwa na mume mapema, alilima miti mia tatu kwenye mteremko ambao hata mbuzi aliupanda akihema. Kahawa ina ugonjwa wake wa ukungu, unaoyaozesha matunda yakiwa bado mabichi, na dawa yake ni kopa: unga wa rangi ya samawati unaokorogwa kwenye maji na kupuliziwa mitini kwa bomba la kubebwa mgongoni. Mama yake alikuwa na sheria moja tu, na sheria hiyo haikuwa na rufaa. Kopa kabla ya mvua. Mvua ikishanyesha, alisema, unapulizia maiti.

Serah alilibeba bomba hilo tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Samawati ile iliingia kwenye kucha, ikaingia kwenye kola ya sare ya shule, na haikutoka kwa sabuni wala kwa jiwe. Shuleni wakamwita Kopa. Mwalimu akiita majina, akifika Serah Mumbi, darasa zima linaitikia kwa niaba yake: "Kopa yupo!" Basi siku alipopanda ndege kuja Marekani aliapa kwamba mkono wake hautashika bomba tena. Na huko Adelphi, Maryland, kwenye fleti yake karibu na barabara ya University, mtu akimuuliza kwao wanafanya nini, alijibu kwamba wanafanya biashara. Ni uongo mdogo. Wengi wetu tunao wa aina hiyo, tumeukunja chini kabisa ya sanduku.

Mwaka 2005 wakala wake wa kazi alimpeleka kwenye nyumba moja nje kidogo ya Upper Marlboro, kwa mzee aliyeitwa Jabari. Mzee Jabari alikuwa Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu wa historia, na kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto. Jina hilo alijipa mwenyewe ujanani, na Kiswahili alijifunza ukubwani, kwa vitabu na madarasa ya jioni. Kilikuwa Kiswahili safi kabisa ambacho hakijawahi kupelekwa sokoni.

"Karibu nyumbani, Bi Serah," alimwambia siku ya kwanza. "Je, wajionaje katika baridi hii kali?"

Serah nusura ageuke nyuma aone anayeambiwa ni nani.

Mzee alikuwa na kamusi iliyokaa pajani pake kama paka, jalada lake limebandikwa kwa plasta ya kidonda. Na alikuwa na amri: ndani ya nyumba ile mambo yote yaende kwa Kiswahili, hata vikaratasi vya kubandika kwenye friji. Serah akisema, "Mzee, ushameza dawa? Wacha nikucheki presha," kidole kilipanda juu.

"Nikupime, Bi Serah. Nikupime."

"Haya basi, nikupime. Lakini hii Kiswahili yako ni ya Biblia, Mzee."

"Kiswahili *chako*," alisema mzee, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, na wakawa marafiki.

Nje ya dirisha la sebuleni palikuwa na mti. Ulikuwa wa jamii ya mitende, ile inayovumilia baridi, shina lake limevaa manyoya ya kahawia, majani yake mapana kama vipepeo vya kuwashia jiko. Imara, marehemu mke wa mzee, ndiye aliyeupanda mwaka 1994. Alikulia pwani ya South Carolina, ambako miti ya namna hiyo haiulizwi inafanya nini barabarani, na majirani walipomwambia kwamba theluji ya Maryland itauua mwaka wa kwanza, alipanda tu. Miaka kumi na mmoja baadaye mwenyewe hayupo, na mti umempita mtu mrefu. Kila asubuhi mzee akishakalishwa kitini alitazama dirishani na kusema, "Habari za asubuhi, Imara." Mwanzoni Serah aliogopa kwamba kiharusi kimefika kichwani. Baada ya mwezi mmoja naye alikuwa anausalimia.

Vuli ya mwaka 2006 ilikuwa na mvua nyingi. Siku moja ya Desemba Serah akiwa anafuta kioo aliona madoa meusi kwenye kikonyo cha jani changa kabisa, lile linalotoka katikati likiwa bado limekunjika kama mkuki. Alitoka nje, akapanda ngazi fupi ya jikoni, akatazama. Mti wa namna hii hauna matawi. Uhai wake wote umekaa mahali pamoja, katika moyo ule wa katikati juu ya shina, na moyo ukioza hakuna tawi la kando litakalouokoa. Kichwa chake kilikuwa bado kinatafuta jina la ugonjwa, mkono wake ulishajua. Mkono ulisema kopa.

Lakini kusema kopa ni kusema kahawa, na kusema kahawa ni kuanza kueleza biashara ile ya familia ilikuwa biashara gani. Tena keshokutwa yake alikuwa anasafiri kwenda Kenya kwa wiki tano, na zawadi hazijafungwa. Akanyamaza. Akachukua kikaratasi, akaandika kwa haraka, akakibandika kwenye friji: *Mzee, mtende ukingwe. Ukungu usiingie kwenye moyo wa mti. Serah.*

Alijiambia kwamba ametimiza wajibu. Hiyo ndiyo shida ya vikaratasi, vinamtoa mtu hatiani mapema mno.

Mzee Jabari alikisoma kikaratasi kile kwa heshima zote, kisha akafungua kamusi. Ukungu. Maana ya kwanza: mvuke mzito kama moshi unaotanda karibu na ardhi, hasa asubuhi. Naam, asubuhi za bonde lile zilikuwa na ukungu mwingi, yeye mwenyewe alikuwa anauona dirishani. Akampigia simu binti yake Kesi, aliyefanya kazi katika ofisi moja kule Arlington. Kesi alikuwa amesikia Kiswahili tangu tumboni na hakikumpita hata neno, ila alijibu kwa Kiingereza siku zote. Jumamosi akaja na karatasi nene ya nailoni na utepe mpana, na baba yake akasimamia kazi akiwa dirishani. Waliufunga mti kuanzia shina hadi utosini, wakazungusha utepe hata inzi asingepata pa kupenya. Ukungu usiingie, na kweli haukuingia. Baba na binti walifurahi mno siku ile.

Kisha Januari ikaja na joto lisilo lake, watu wakatembea na fulana barabarani, na ndani ya nailoni mti ukaanza kutoka jasho.

Serah alirudi katikati ya mwezi huo. Alikuta bonge la nailoni limesimama bustanini, ndani yake matone yanatiririka kama kwenye mfuniko wa sufuria. Alipoukata utepe ilimpiga harufu ya chakula kilichosahauliwa siku tatu. Akapanda ngazi, akalishika lile jani la katikati, akalivuta polepole sana, kama unavyolijaribu jino la mtoto. Likatoka mkononi mwake, likiacha kisiki kifupi moyoni. Mwisho wake ulikuwa laini, wa kahawia, unanuka.

Aliingia ndani nalo. Kesi alikuwepo, ilikuwa Jumamosi.

"Ni nani alifunga mti na nailoni?" Serah alifoka. "Hata wewe ukivaa nailoni mwezi mzima utaoza! Ngozi inataka hewa. Hiyo si ndiyo nafanya hapa kila siku, kumgeuza Mzee asipate vidonda vya kulala?"

Kesi hakupandisha sauti. Alikwenda kwenye friji, akabandua kikaratasi, akakiweka mezani. Alisema kwa Kiingereza kwamba wao walifuata maagizo. Yeye Serah aliwaambia wazuie ukungu, wakauzuia. Mzee naye akafungua kamusi, akaweka kidole.

Serah akasoma maana ile ya kwanza.

"Mzee," alisema taratibu, "si huu ukungu wa asubuhi. Ni ule wa mkate."

"Wa mkate?"

"Mkate ukikaa siku nyingi. Ile kitu ya kijani."

Kidole cha mzee kilishuka mstari mmoja. "Maana ya pili," alisema hatimaye. "Sikufika maana ya pili."

Hapo Serah aliona aibu kuliko siku zote za shule. Mzee hakukosea. Mwenye kosa ni yule aliyejua dawa, akaijua kwa jina na kwa rangi, akaandika kikaratasi kwa sababu ya kuogopa kuitwa mkulima.

Kesi alisema atamwita fundi wa kukata miti wiki ijayo. Hakusema kwa ukatili. Alisema hawezi kumwacha baba yake aamke kila siku akisalimia maiti ya mama yake dirishani. Mzee aligeuza uso ukutani.

"Nipe mpaka Juni," Serah alisema. "Tafadhali. Kusipotoka jani jipya, ukate, na mimi nitakushikia ngazi."

Kesi akamuuliza anajuaje kwamba mti unaweza kupona.

Angeweza kusema palepale. Mlango ulikuwa wazi. "Si niko kwa medical," alijibu, na Kesi akashusha pumzi, akampa hadi Jumamosi ya kwanza ya Juni.

Kwanza aliutibu kama kidonda cha mgonjwa. Alikwangua uozo kwa kijiko, akamimina ndani ya moyo ule dawa ya povu wanayosafishia vidonda, ikachemka juu kama maziwa, akaiacha ikauke, akarudia kesho yake. Kisha akaenda duka la bustani, na kwenye rafu ya chini akaiona: chupa ndogo, samawati. Alivaa glovu mbilimbili za hospitali asiguswe na rangi. Lakini mtu huwezi kuusikia ulaini wa uozo ukiwa na glovu, kwa hiyo akazivua. Siku ya kwanza tu kucha zikabadilika.

Kipimo cha dawa alikisoma kwenye chupa. Kilichomshinda ni siku: ukishapulizia, unarudia lini? Mchana mmoja mzee akiwa amelala kidogo, alikwangua kadi ya simu, akapiga Murang'a.

"Maitu," alimwita mama yake kama wanavyoita kwao, "kopa, ukishapiga, unarudia baada ya siku ngapi?"

"Ni nani huyo anauliza?"

"Ni mimi, Mumbi."

"Mumbi gani? Yule aliapa hatashika bomba?" Mama alicheka hadi akakohoa. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile ya shambani. "Siku ishirini na moja. Mvua ikizidi, usingoje zifike. Piga asubuhi kukiwa kukavu. Na uloweshe chini ya majani, si juu tu kama mtu anayerusha maji matakatifu. Mmepanda kahawa huko?"

"Si kahawa. Ni mtende."

"Wa Jumapili ya Matawi?"

"Ndugu yake."

"Haya. Ugonjwa wa maji ni mmoja. Kausha, pitisha hewa, na upige kopa kabla ya mvua. Na Mumbi, kucha zako zimekuwaje?"

Serah alizitazama. "Zimekuwa zako, Maitu."

Februari ikaja na baridi yenyewe, na katikati ya mwezi barafu ikafunika kila kitu. Serah alikuwa ameshajipanga. Duka moja la kukaanga kahawa kule Arlington lilimpa magunia matupu, akayazungushia shina na majani, magunia yanayopumua, si nailoni, na kukitoka jua aliyafungua. Juu kabisa alisimamisha mwavuli mkubwa uliofungwa kwenye mti wa ufagio, ili maji yasitue kwenye moyo. Majirani walipunguza mwendo wa magari kutazama. Mti umevaa magunia na kushika mwavuli, na gunia la mbele, kwa herufi kubwa, limeandikwa KENYA. Serah aliona neno lile akiwa na utepe mdomoni, akacheka peke yake juu ya ngazi. Kahawa ya kwao ilikuwa imemfuata hadi huku.

Mzee Jabari alijipa kazi ya kuandika habari za mti kwenye daftari kwa mkono wake mzima. *Leo barafu. Mwavuli umesimama. Leo Bi Serah amenyunyiza. Leo hakuna jipya.* Serah alikuwa amechora mstari wa kalamu kwenye kisiki cha jani kilichobaki moyoni, na mwingine usawa huohuo kwenye kikonyo cha jirani yake. Kisiki kikisogea hata kidogo, mstari utaachana na mwenzake. Machi, mistari ilikuwa sawa. Aprili miti yote ya mtaa ilichanua kwa fujo, na mistari ilikuwa sawa. *Leo hakuna jipya,* mzee aliandika, na siku moja akaacha kuandika.

Hakuacha kusalimia. Ila sasa alisalimia kwa sauti ndogo, akisubiri kidogo baadaye, na Serah aliyesikia hayo kila asubuhi alitamani kuziba masikio.

Jumanne ya tatu ya Mei alipanda ngazi kwa mazoea tu. Mistari ilikuwa imeachana. Alifuta macho, akapima kwa kidole. Upana wa ukucha. Hakumwambia mtu. Alishuka, akapika uji, akamnywesha mzee, akaunguza sufuria. Wiki iliyofuata ulikuwa upana wa vidole viwili. Na Alhamisi, siku mbili kabla ya fundi kuja, kitu cha kijani kilichungulia juu ya manyoya. Kilikuwa kimepinda, kibaya kabisa, ncha zake zimekatika kama nywele zilizonyolewa na kinyozi mlevi. Serah hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

Alisukuma kiti cha mzee hadi kwenye kioo. Mzee aliiona ncha ile ya kijani.

"Habari za asubuhi, Imara," alisema, na machozi yakamshuka upande ule ambao tangu kiharusi haukuonyesha hisia yoyote.

Jumamosi fundi alifika na lori na msumeno. Kesi alifika nyuma yake, akapanda ngazi bila kuvua miwani ya jua, akainama, akaigusa ile ncha mbovu. Aliuliza kwa nini imekatika. Serah alimweleza kwamba hicho ni kipande kilichoguswa na uozo tangu ndani, na jani la nyuma yake litakuja zima. Kesi aliigusa tena ile ncha. Kisha akashuka, akazungumza na fundi, na lori likaondoka kama lilivyokuja.

Akarudi akasimama mbele ya Serah. Alikuwa anatafuta kitu mdomoni, na kilipotoka kilitoka kwa Kiswahili, vipandevipande, cha kwanza ambacho mtu yeyote alikuwa amemsikia akisema.

"Miss Serah. Wewe... ulijua vipi?"

Kwenye dirisha lililokuwa wazi mzee alishika kamusi asiifungue. Serah alitazama mikono yake. Kucha kumi, zote samawati. Hakuzificha.

"Mimi ni mkulima," alisema. "Kwetu tunalima kahawa. Mama ndiye alinifundisha, nikiwa mdogo, kwa bomba la mgongoni. Ningewaambia tangu Desemba mti haungeoza. Niliona haya."

"Mkulima," mzee alirudia polepole, kama anayeonja neno. "Hilo, Bi Serah, nafikiri halina maana ya pili."

Kesho yake Serah alikwenda kanisani na gauni jeupe. Wakati wa chai Domina, Mtanzania anayeketi naye kwenye kwaya, alimdaka vidole na kuvigeuza kwenye mwanga.

"Jamani, Serah! Rangi ya kucha nzuri hivi umeipata wapi?"

Mwaka mmoja nyuma angeivuta mikono, akaiingiza mfukoni.

"Inaitwa kopa," alisema, kwa sauti iliyofika hadi meza ya sambusa. "Nyumbani ndio lilikuwa jina langu."